Kuvaa Deraya na Kupigana Bila Kuumizana: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kuigiza Vita vya Hastings

Karibu kila mwaka, mwishoni mwa wiki iliyo jirani na tarehe 14 Oktoba, mamia ya watu hukusanyika katika mji mdogo wa Battle, East Sussex, kusini mwa Uingereza, wakiwa wamevaa sufu, kitani na chuma, ili kuigiza vita vya Hastings vya mwaka 1066, ambamo Mfalme Harold Godwinson aliuawa, naye William, Mtawala wa Normandy, akajifungulia njia ya kulitwaa taji la Uingereza. Uwanja wenyewe uko chini ya magofu ya abasia ambayo William aliamuru ijengwe palepale walipoangukia watu. Nimesimama kwenye mteremko ule katika ukuta wa ngao upande wa Harold kwa misimu kadhaa, na swali ninaloulizwa zaidi na ndugu wa nyumbani, kila ninapowaonyesha picha, ni moja: je, hamuumizani?

Tunaumizana kidogo sana, na si kwa sababu silaha zetu ni za mbao au za plastiki. Ni chuma halisi, chenye uzito halisi, kilichoondolewa makali. Kinachotulinda ni vitu viwili: kitambaa kinene kilicho chini ya chuma, na mkono uliofundishwa kulizuia pigo kabla halijaingia mwilini. Mwanafunzi mpya karibu siku zote huanza kwa kununua upanga. Mimi namshauri aununue mwisho, na mwongozo huu umepangwa kufuata ushauri huo.

Kabla ya hatua ya kwanza, ni vyema msomaji ajue ni mchezo gani tunaouzungumzia, kwa maana iko mitatu inayofanana kwa mbali. Chama cha Society for Creative Anachronism, kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, hupigana kwa fimbo nene za henzerani, na pigo hutolewa kwa nguvu. Kuna pia mashindano ya chuma ya kupigana kwa nguvu zote, kama yale ya Battle of the Nations yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Khotyn, Ukraine, mwaka 2010, ambako watu huvaa mabati mazito mwili mzima na huangushana kama katika mieleka. Mchezo wetu ni wa tatu: chuma butu, mavazi ya zama husika, mapigo yanayozuiwa, na watazamaji pembeni wanaotaka kuona jinsi vita vya zamani vilivyokwenda. Vifaa vya mchezo mmoja havifai katika mwingine. Aliyevaa kama mtu wa Hastings akaingia katika mashindano ya nguvu zote atavunjwa mifupa, hata kama deraya yake, yaani shati lake la pete za chuma, haina pete hata moja iliyolegea.

Amua kwanza wewe ni nani

Hatua ya kwanza haihitaji fedha. Unaamua ni mtu wa aina gani utakayemwakilisha, kwa sababu uamuzi huo ndio utakaokuambia nini ununue na nini uache. Chanzo chetu kikubwa ni kitambaa cha Bayeux, kilichodariziwa kwa nyuzi za sufu juu ya kitani, chenye urefu wa karibu mita 70, ambacho kinawaonyesha wapiganaji wa pande zote mbili: deraya zinazofika magotini, chapeo zenye umbo la pia zikiwa na kipande cha chuma kinachoshuka kuikinga pua, ngao za duara na ngao ndefu zenye umbo la tone la maji, na mashoka marefu ya mikono miwili ya walinzi wa Harold.

Ushauri wangu ni kuanza kama mtu wa mkuki wa fyrd, yaani jeshi la watu walioitwa vitani kutoka mashambani. Hawa hawakuwa makabwela waliookotwa njiani. Katika jimbo la Berkshire, kwa desturi iliyoandikwa mwaka 1086, kila haidi 5 za ardhi zilitoa askari mmoja, na kila haidi ikamchangia shilingi 4 kwa chakula na ujira wake wa miezi miwili. Haidi moja ilikadiriwa kuwa ardhi ya kutunza kaya moja. Mtu wa namna hiyo alikuwa na mkuki, ngao, pengine chapeo, na si lazima deraya. Kwa hiyo mgeni anayeanza na mkuki na ngao hajapungukiwa na kitu, bali amesimama mahali pa watu wengi wa siku ile. Walinzi wa mfalme, waliobeba shoka na kuvaa deraya kamili, unaweza kuwafikia baada ya misimu miwili au mitatu, ukiwa tayari umejua mwili wako unavumilia nini.

Jambo jingine la mwanzo ni kutafuta kikundi kabla ya duka. Vikundi vingi huwa na vifaa vya kuazima kwa wanachama wapya, vina kanuni zao za unene wa chuma na urefu wa silaha, na vingi haviruhusu mtu kupigana kabla ya kufikisha umri uliowekwa na kufaulu mtihani wa usalama. Atakayenunua kwanza kisha akajiunga huenda akaambiwa kwamba nusu ya alivyonunua havikubaliki.

Kitambaa kabla ya chuma

Nguo za ndani ni nyepesi kueleza: shati refu la kitani, kanzu fupi ya sufu inayofika magotini, suruali ya sufu, na vitambaa virefu vya kuzungushia miundi. Viatu ni vya ngozi, vyenye soli ya ngozi. Nyasi za Oktoba zikiloa, soli hizo huteleza kama sabuni, kwa hiyo vikundi vingine huruhusu mpira mwembamba ubandikwe chini mahali usipoonekana. Ukiruhusiwa, bandika.

Gambesoni ndiyo inayostahili fedha zako za kwanza. Hili ni koti nene la kuvaliwa chini ya deraya, lililotengenezwa kwa tabaka nyingi za kitani au pamba zilizoshonwa pamoja kwa mistari ya wima, au kwa tabaka mbili zilizojazwa sufu katikati. Umuhimu wake unatokana na jinsi deraya inavyofanya kazi. Deraya huzuia makali yasikate, lakini yenyewe ni laini kama nguo. Upanga ukitua begani, pete hazikatiki, ila uzito wote wa pigo hupita moja kwa moja hadi kwenye mtulinga. Kitambaa kinene kilicho chini yake ndicho kinachousambaza uzito ule juu ya eneo pana na kuupunguza mwendo, hata ukaishia kuwa msukumo badala ya mvunjiko. Mtu aliyevaa gambesoni nzuri bila deraya yuko salama kuliko aliyevaa deraya juu ya shati tupu.

Wenye kujali historia, nami ni mmoja wao, hawana budi kukubali jambo moja: hakuna gambesoni ya mwaka 1066 iliyosalia hadi leo, na kitambaa cha Bayeux hakituonyeshi waziwazi kilichokuwa chini ya deraya. Tunaivaa kwa sababu mifupa yetu ni ya leo na kesho yake tunarudi kazini, na tunaifanya fupi kidogo kuliko deraya ili isionekane.

Unapoijaribu, usiridhike na kujitazama kwenye kioo. Inua mikono yote miwili juu ya kichwa. Pindo likipanda hadi kitovuni, mikono imekatwa vibaya. Kumbatia mabega yako mwenyewe, kisha chuchumaa. Sehemu inayoharibu gambesoni nyingi za bei nafuu ni kwapa, ambako mkono umeshonwa moja kwa moja kwenye kiwiliwili bila kikwapa, kile kipande cha pembe nne ambacho fundi yeyote wa kanzu hukitia bila kuambiwa. Bila kikwapa, kila unapoinua ngao unalinyanyua koti zima, na baada ya nusu saa bega limechoka bila kupigwa. Ukiwa na fundi wa kushona karibu nawe, mpelekee kazi hii. Kanuni za kanzu anazijua tayari, unachomwongezea ni unene. Kwa kiwiliwili, tabaka 10 hadi 15 za kitani zinatosha. Mikononi punguza, ili kiwiko kikunjike. Epuka sponji na nyuzi za plastiki, kwa sababu zinafungia joto mwilini, na kambini penye moto wa wazi cheche moja huziyeyusha.

Kichwa na mikono

Katika mtindo wetu ni marufuku kulenga kichwa, lakini marufuku haizuii ajali: mkuki huteleza juu ya ukingo wa ngao, mtu hujikwaa, ngao ya jirani hupanda. Kwa hiyo chapeo ni lazima. Tafuta ya bamba la chuma lenye unene wa karibu milimita 2, yenye umbo la pia, kwa kuwa mteremko wake huliteremsha pigo pembeni badala ya kulipokea. Chuma chembamba cha mapambo hubonyea, na kibonyeo cha ndani ndicho kinachoumiza.

Ukubwa wa chapeo hupimwa ukiwa umevaa kila kitu kitakachokuwa chini yake. Vaa kofia ya kitani iliyotiwa sufu, kisha chapeo yenye bitana ya ndani, kisha funga ukanda wa kidevu. Sasa tikisa kichwa kwa nguvu kushoto na kulia, kana kwamba unamkatalia mtu. Chapeo ikibaki nyuma ya kichwa hata kidogo, bitana imelegea. Mwambie mwenzako akubonyeze utosini kwa kiganja: usihisi chuma kikigusa fuvu popote, kwa maana chapeo inapaswa kuning'inia juu ya bitana na kuacha nafasi kati yake na kichwa. Kinga ya pua iwe mbali na pua kwa upana wa kidole. Mwisho, tazama chini bila kuinamisha kichwa. Kama huoni mikono yako mwenyewe, chapeo imeshuka mno.

Mikono ndiyo inayoumia kuliko kiungo kingine chochote, kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya mwili wakati wote. Katika kitambaa cha Bayeux wapiganaji hupigana mikono mitupu, na hapa ndipo ninaposema wazi kwamba historia isubiri. Nunua glavu za ngozi nene zenye vipande vigumu vilivyofichwa juu ya vifundo vya vidole, na hakikisha kidole gumba kimefunikwa hadi kwenye ukucha. Katika msimu wangu wa pili niliona glavu zangu zimekuwa nzito, nikazivua kwa zoezi la mwisho la jioni. Mkuki wa mwenzangu, uliokuwa ukienda polepole kabisa, ulishuka kwenye ubao wa ngao yangu na kukibana kidole gumba dhidi ya mpini. Ukucha ulitoka siku ya tisa. Mwenzangu hakuwa na kosa. Pigo lake lilikuwa halali na la upole.

Ongeza kinga ya kinena, kinga za magoti chini ya suruali, na kinga ya meno. Hakuna mtazamaji atakayeziona.

Deraya

Deraya ya zama hizo ni shati la pete za chuma, kila pete ikipita ndani ya pete nyingine nne, na shati moja hubeba maelfu kwa maelfu ya pete. Zinazouzwa leo ni za aina mbili. Katika aina ya kwanza, ncha mbili za waya wa kila pete zimekutanishwa tu bila kufungwa. Katika ya pili, ncha zimepondwa, zikalaliana, zikatobolewa na kupigwa ribiti ndogo, kama zilivyokuwa deraya za kale. Ya kwanza ni rahisi mno kwa bei, nami niliinunua kwa muuzaji ambaye hakunieleza tofauti yake na nyingine. Baada ya mazoezi matatu tu, nilikuwa nikipiga magoti kwenye nyasi kuokota pete zangu moja moja, na begani palikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Pete isiyofungwa hufunguka kwa kuvutwa, na hufunguka ikiwa imeacha ncha kali. Nunua ya ribiti, hata ikibidi kusubiri mwaka mzima.

Kipimo cha deraya huchukuliwa juu ya gambesoni, kamwe si juu ya shati. Jizungushie utepe kifuani ukiwa umevaa gambesoni, vuta pumzi, kisha ongeza sentimita 10 hivi ili uweze kupumua na kujipinda. Mikono ya kufika kwenye kiwiko inatosha kwa kuanzia. Pindo la magotini liwe na mpasuo mbele na nyuma. Wanormandi waliuhitaji ili kupanda farasi, nawe utauhitaji ili kupiga hatua ndefu.

Shati la namna hii lina uzito wa kilo 10 hadi 14, na likining'inia lote mabegani litakuchosha kabla ya vita kuanza. Dawa yake ni mkanda mpana wa ngozi. Likishavaliwa, inua mikono yote miwili juu ili deraya ipande kiunoni, mwenzako akukaze mkanda ukiwa katika hali hiyo, kisha shusha mikono. Deraya iliyofurika juu ya mkanda itakaa pale, na sehemu kubwa ya uzito itahamia kwenye nyonga. Tofauti utaihisi papo hapo.

Kuivua nako kuna namna yake, na anayejaribu kuivua kama fulana hunaswa humo. Fungua mkanda. Vua chapeo lakini bakiza kofia ya kitani, maana pete hung'oa nywele bila huruma. Inama hadi mgongo ulale sawa na ardhi, nyoosha mikono kuelekea chini, kisha jitikise taratibu kuanzia kiunoni. Pindo litateleza mgongoni, litafika kisogoni, halafu uzito wenyewe utalivuta shati zima na kulimwaga miguuni pako kwa mlio kama wa changarawe. Mtu wa kuvuta mikono akiwepo, zoezi hilo halichukui hata nusu dakika. Jifunze kulifanya peke yako pia, kwa sababu aliyezidiwa na joto anapaswa kuivua mara moja.

Ngao, mkuki, na mwisho upanga

Ngao ya duara huwa na kipenyo cha sentimita 80 hadi 90. Zamani ilikuwa ya mbao nyepesi zilizoungwa; wengi wetu hutumia plaiwudi ya milimita 9, iliyofunikwa kitani juu na kupakwa rangi. Katikati toboa tundu la ngumi, funika kwa kitovu cha chuma, na nyuma yake pitisha mpini wa mbao. Ukingoni shona ngozi mbichi ikiwa imelowekwa. Ikikauka inajikaza kama ngozi ya ngoma. Usiweke ukingo wa chuma, kwa kuwa huharibu panga za wenzako na kuzitia meno.

Mkuki una mti wa mita 2 hadi 2.5, mnyoofu, usio na kifundo, na kichwa cha chuma kilichoviringishwa ncha. Kikundi chetu kinakataza kuchoma kwa mkono ulioinuliwa juu ya bega, kwa sababu ncha inayotoka huko hushukia usoni. Mkuki hushikwa chini, na kulenga tumbo na mapaja.

Upanga wa zama zile ni wa mkono mmoja, una urefu wa sentimita 90 hivi na uzito wa kilo 1.1 hadi 1.4. Wa mchezo wetu sharti uwe wa chuma cha springi, chuma kilekile ambacho wahunzi wa kwetu hukitoa kwenye springi za magari na kukifua panga na majembe, kwa kuwa hupinda na kurudi badala ya kuvunjika. Ukingo uwe na unene wa milimita 2 au 3 na uwe mviringo. Ncha iwe duara kama ukingo wa sarafu. Muulize muuzaji jinsi ubapa ulivyoingia ndani ya mpini. Ubapa uliounganishwa kwa kuchomelewa kipande chembamba cha nondo ni wa kutundikwa ukutani. Siku utakapokatika, sehemu ya mbele itaruka kuelekea watu. Panga za mapambo zisizoshika kutu ni za kuepukwa kwa sababu hiyohiyo: ni kavu, na huvunjika.

Kujifunza kupiga

Wale waliowahi kutazama kirumbizi Lamu wanalijua jambo hili kuliko nitakavyoweza kulieleza. Wachezaji wawili wanakabiliana kwa fimbo, ngoma na zumari zikiwasukuma. Fimbo inashuka kwa kasi, mtazamaji anakunja uso, lakini anayeshambuliwa amekwisha kuikinga au kuiepa, na wote wawili walikuwa wakiangaliana macho tangu mwanzo. Ustadi wetu ni wa jamii hiyo.

Anza na miguu. Mguu wa upande wa ngao utangulie, magoti yalegee kidogo, uzito uwe katikati. Jifunze umbali: nyoosha upanga wako kuelekea kwa mwenzako, ncha imguse kifuani kwa wepesi; hapo ndipo unapopigania. Ukisogea zaidi ya hapo, pigo litatua kwa sehemu ya katikati ya upanga, ambayo ni nzito na haizuiliki kirahisi. Waanzaji wengi huumiza watu kwa sababu wamesogea karibu mno, wala si kwa sababu wana nguvu nyingi.

Kisha jifunze sehemu zinazoruhusiwa. Kwetu ni kiwiliwili kuanzia mabegani hadi kiunoni, mikono ya juu na mapaja. Kichwa, shingo, kinena, viungo vya magoti na viwiko, na viganja haviguswi. Hakuna kuchoma kwa upanga kuelekea usoni hata kwa kutania.

Pigo lenyewe huzuiwa na vidole, si bega. Upanga unatoka kwa kasi ya kawaida, mkono ukiwa umelegea, na karibu na mwisho wa safari unaukaza mpini kwa vidole vitatu vya mwisho huku kiwiko kikibaki kimekunjika. Upanga unasimama, unagusa, unarudi. Zoezi lililonisaidia mimi ni la nyumbani: tundika koti kuukuu kwenye kamba ya kuanikia nguo, simama kwa umbali sahihi, na ulipige begani, ubavuni na pajani, kushoto na kulia, mapigo 50 kila siku. Lengo ni kulisikia likiguswa bila kulifanya libembee. Wiki ya kwanza litaruka hadi kwenye uzio. Kufikia wiki ya sita au ya saba litatikisika pindo tu, na hapo ndipo mkufunzi wako atakaporidhika kukusimamisha mbele ya mtu.

Unapofanya mazoezi na mtu, mtazame machoni kabla ya kila pigo. Asiyekuona hajui kwamba unakuja, na asiyejua huenda akaingiza uso palepale ulipolenga mkono. Ukimkuta ameangalia kando, acha. Fursa hiyo haikuwa ya kuchukuliwa.

Kupokea pigo nako ni nusu ya kazi. Hapa hakuna mwamuzi wa kuhesabu, kwa hiyo ukiguswa mahali halali, umepigwa, hata kama pigo lilikuwa jepesi kama unyoya. Mtu anayejifanya hajapigwa huwalazimisha wenzake waongeze nguvu ili asikie, na katika kikundi chochote ambako ajali zimeanza kuongezeka nimekuta mtu wa namna hiyo mmoja au wawili.

Ukuta wa ngao unahitaji mazoezi yake peke yake. Ngao yako inakukinga wewe nusu na jirani wa kushoto nusu. Ukirudi nyuma bila kusema, umemwacha wazi. Songeni kwa hatua fupi, kwa sauti ya kiongozi mmoja. Msisukume pale mtu alipoanguka. Ukiwa wewe ndiye unayeanguka, yaani umeuawa katika igizo, usijitupe kwa madaha katikati ya miguu ya watu: rudi hatua mbili ukiweza, piga goti kwanza, lala kwa ubavu, weka upanga chini ukiwa bapa, kisha vuta ngao ikufunike kichwa na mgongo. Wapo watu ishirini nyuma yako wasioona chini.

Neno la kusimamisha vita likipigwa, na yeyote anaweza kulipiga, kila mtu husimama palepale, hulirudia kwa sauti na kushusha silaha. Farasi wakiwemo uwanjani, kama inavyotokea Hastings, mikuki huelekezwa pembeni wanapokaribia, na mnyama haguswi kwa chochote.

Siku ya vita

Huna ruhusa ya kutembea barabarani Uingereza na upanga kiunoni kwa sababu tu umevaa kama mtu wa 1066. Ufunge katika kitambaa, uutie ndani ya mfuko, uufungie kwenye buti ya gari, na uutoe ukiwa kambini.

Asubuhi kula chakula cha kushibisha na anza kunywa maji kabla ya kuona kiu. Joto huwaangusha watu wengi kuliko panga, hata katika baridi ya Oktoba, kwa sababu sufu, gambesoni na deraya havitoi pumzi. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu na ngozi kuacha kutoa jasho. Ukiiona moja, toka, vua chapeo kwanza, kisha deraya. Wasimamizi wa uwanja watakagua silaha zako kabla ya kuingia. Usikasirike wakiurudisha upanga wako kambini. Mwaka mmoja wangu ulirudishwa kwa jino dogo ambalo sikuliona, nami nilipolipitishia pamba lilinyakua nyuzi mara moja; lingeweza kuchana shavu la mtu.

Baada ya vita

Kazi hii hufanywa jioni ileile, kabla ya chakula. Panga zilizogongana huota meno madogo ukingoni. Chukua bonge la pamba, lipitishe taratibu kwenye ukingo pande zote mbili, na kila linaponasa, sugua kwa tupa laini hadi lipite bila kunasa. Futa alama za vidole, kwa kuwa jasho huanza kutia kutu usiku huohuo, halafu paka mafuta mepesi ya mashine.

Deraya iliyoloa itikise, ikaushe kwa taulo, itandaze karibu na joto la wastani, kisha ipake mafuta kwa kitambaa. Kutu ikiwa imeshaingia, itie ndani ya ndoo yenye mchanga mkavu, funga kifuniko na uibingirishe uani. Pete husuguana na mchanga na kujisafisha zenyewe. Usiitundike kwa miezi, maana uzito wake utavuta pete za mabega. Ikunje na uilaze sandukuni. Gambesoni ianikwe ikiwa imegeuzwa nje ndani hadi ikauke kabisa, hata ikichukua siku tatu. Ngozi za mikanda na glavu zipakwe mafuta yake. Upanga nao usiuhifadhi ndani ya ala, kwa sababu ngozi ya ala hutunza unyevu: uzungushie kitambaa kilicholowa mafuta, na ala uiweke kando yake, mdomo ukiwa wazi.